Tumeona mukono: namna wazee wetu walivyobeba upinde



Kiangazi kilichopita, ujumbe wa chama chetu ulipanda upande wa Masisi kuwatembelea familia zilizorudi mashambani. Tulikuwa watu saba: vijana wanne, wazee watatu. Moto zilituacha pale barabara inapokwisha, tukaendelea kwa miguu na mifuko ya mbegu kichwani. Karibu saa kumi za mchana, kwenye kona moja ya njia, mzee mmoja akatoka porini mbele yetu, hatua ishirini hivi. Mkononi ana upinde na mishale.

Vijana wetu wanne walikimbia. Hatuandiki hivi kwa kuwacheka. Wamekulia kambini, na kwao mtu mwenye silaha anayetoka porini ana maana moja tu. Mfuko mmoja wa maharagi ulipasuka, tukaokota mbegu mpaka jua likaanza kushuka.

Wazee wetu watatu walibaki wamesimama. Hawakumwangalia yule mzee usoni, waliangalia mikono yake. Yeye alisimama pia. Akahamisha upinde kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kuume, taratibu, akageuza mishale ncha zikaangalia chini, akasema: "Musiogope batoto, niko natoka tu kuangalia mitego." Mmoja wa wazee wetu akamujibu: "Tumeona, baba. Tumeona mukono."

Usiku ule, kandokando ya moto, vijana waliuliza: mliona nini? Maana wao waliona upinde, basi. Wazee wakaanza kueleza, na maelezo yale yalidumu mpaka moto ukazimika. Tuliporudi Goma tukaona afadhali tuyaandike humu, tukiongeza na yale tuliyosoma na yale ambayo wanachama wetu waliyaona walipokuwa wakimbizi katika nchi za jirani. Kwa sababu wengi kati yetu tunarudi kuishi mahali ambapo upinde bado upo, na hatujui tena kuusoma.

Tuanze na jambo jepesi. Upinde unahitaji mikono miwili. Mtu wa mkono wa kuume hushika mti wa upinde kwa kushoto, na kwa kuume huvuta kamba. Kwa hiyo mtu akitembea na upinde mkono wa kushoto, na mkono wa kuume hauna kitu, huyo yuko karibu kupiga: kuchomoa mshale, kuuweka, kuvuta, ni pumzi moja au mbili. Akitembea na upinde mkono wa kuume, lazima kwanza auhamishe. Ule muda mdogo wa kuhamisha ndio salamu yenyewe. Anakuambia: ukitaka kukimbia una nafasi, ukitaka kunikaribia una nafasi. (Na wenye kutumia mkono wa kushoto? Tuliuliza. Wazee walicheka: kijijini kila mtu alijua nani ni wa kushoto, na mgeni wa kushoto alikuwa na shida yake mwenyewe.)

Jambo la pili ni mishale. Katika pori letu watu wengi hawakutembea na mfuko mkubwa wa mishale mgongoni kama tunavyoona katika filamu. Sababu ni pori lenyewe. Kitu chochote kinachochomoza nyuma ya bega hushikwa na mitambaa, na kila ukiinama kupita chini ya mti ulioanguka unamwaga mishale yako. Mwindaji alishika mishale michache, mitatu, minne, pamoja na upinde, ndani ya mkono mmoja, sambamba na mti wa upinde. Vidole viwili vinashika mti, vingine vinabana mishale. Ncha zikiangalia mbele na chini, mwindaji akijikwaa zitachoma udongo, hazitamchoma yeye wala anayemtangulia. Na wanapofuatana watu wengi katika njia moja, huyo anayetangulia ni ndugu yako au ni mbwa wako, vyote viwili vya thamani.

Jambo la tatu ni kamba, na hapa tutakaa kidogo.

Wanachama waliotoka upande wa Ituri wanaujua upinde wa Bambuti. Ni mdogo, haufiki mita moja, ukiuona mara ya kwanza unafikiri ni wa mtoto. Lakini pori la Ituri si mahali pa kupiga mbali. Mnyama unamwona akiwa hatua kumi, kumi na tano, kisha majani yanafunga. Upinde mrefu mle ndani ni mzigo. Kamba yake si ya ngozi wala ya mshipa wa mnyama, ni kipande chembamba cha kekele kilichopasuliwa na kukwanguliwa, kekele ile ile tunayotumia kutengeneza viti na vitunga. Ngozi ikilowa inalegea na kurefuka, na katika pori la mvua kila kitu kinalowa. Kekele haivutiki hivyo. Manyoya ya mshale nayo mara nyingi si manyoya kabisa, ni jani gumu lililopenyezwa katika ufa nyuma ya mshale. Likiharibika, jani jingine liko pale pale juu ya kichwa chako.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto Bambuti huvaa kinga ya ngozi, mara nyingi ya kima, ili kamba ikirudi isiwapige. Kinga hiyo haivuliwi kila saa, kwa hiyo mwindaji unamjua hata asipokuwa na upinde.

Wataalamu wanawagawa Bambuti kufuatana na chombo cha kuwindia. Waefe, wanaokaa jirani na wakulima Walese, ni watu wa upinde. Wenzao wa upande wa Epulu, jirani na Wabira, ni watu wa nyavu, na hao ndio Mwingereza Colin Turnbull aliowaandikia kitabu mwaka 1961. Waefe wana namna mbili ambazo zinaonyesha vizuri kwamba ubebaji unafuata kazi. Namna ya kwanza wanaiita mota: kundi la wanaume na mbwa. Mbwa wale hawabweki sana, kwa hiyo hufungwa njuga ya mti shingoni ili wasikike. Wapiga upinde wanajipanga, mbwa wanasukuma mboloko kuja upande wao. Hapo upinde uko mkononi, kamba imekazwa, mshale uko tayari, na macho yako chini kwenye majani. Namna ya pili ni ebaka. Mtu peke yake anapanda juu ya mti, karibu na mti unaoangusha matunda, anakaa alfajiri akingojea mnyama aje kula. Anayepanda mti anahitaji mikono yote miwili kwa kupanda, hawezi kwenda na upinde mkononi kama yule wa mota. Kwa hiyo ukimwona Mwefe namna alivyobeba, unajua anakwenda kuwinda nini, na kama yuko peke yake au wenzake wako nyuma.

Ncha za chuma za mishale yao zinatoka kwa wakulima Walese, na nyama na asali zinakwenda upande wa pili. Mshale mmoja ulikuwa na kazi ya jamaa wawili ndani yake. Tunaliandika hili kwa wale wanaosema, kwenye mikutano yetu ya ardhi, kwamba watu wa pori na watu wa shamba hawakuwahi kuhitajiana.

Halafu kuna mishale isiyo na chuma, ya mti mtupu, iliyochongwa na kupakwa sumu, hasa kwa kima walio juu. Hii haibebwi ovyo. Mwezi wa nane 1887, msafara wa Stanley ulipokuwa ukipanda mto Aruwimi, mpiga upinde mmoja pale Avisibba alimchoma luteni wake, William Stairs, kifuani. Stairs alipona, lakini kipande cha ncha kilibaki mwilini mwake zaidi ya mwaka mmoja. Ndiye huyo huyo Stairs aliyeongoza msafara wa Katanga mwaka 1891, msafara ambao wakati wake Mfalme Msiri aliuawa kule Bunkeya. Tunapita tu, lakini mtu akiwaza mshale ule ungeingia kidole kimoja pembeni, anaweza kukaa na wazo hilo muda mrefu.

Kuhusu sumu, wenzetu waliokimbilia Kenya walileta habari nzuri. Mmoja alikuwa jirani, kule Nairobi, na mlinzi wa usiku Mkamba aliyekuwa na upinde wake karibu na kiti. Wakamba wana podo, yaani mfuko wa mishale, wenye kifuniko na mshipi wa kubebea. Wanauita thyaka. Kiswahili cha zamani kina neno ziaka, na ukiyatamka yote mawili haraka unasikia ni neno moja. Mshale wa sumu wanauviringishia kipande chembamba cha ngozi kwenye ncha, kwa sababu mbili: sumu isikauke, na mbebaji asijikwaruze. Ngozi ile inatolewa tu wakati mnyama yuko mbele. Kwa hiyo hata hapo kuna jambo la kusoma. Mshale uliovikwa unasafiri. Mshale uliovuliwa unawinda, au unapigana.

Wahadza wa Tanzania, kandokando ya ziwa Eyasi, wao wana upinde mrefu unaokaribia kimo cha mtu, na hubeba upinde na mishale pamoja mkononi, kama watu wetu, ingawa nchi yao ni ya wazi na ya miiba. Na Wasan wa Kalahari, huko kusini, walitafuta njia nyingine tena: sumu hawaipaki kwenye ncha yenyewe bali nyuma yake kidogo, ili mtu akijichoma kwa bahati mbaya ncha iingie kabla ya sumu kumfikia. Vyombo vyao vyote, upinde, podo na kijiti cha kuchimbia, vinaingia katika mfuko mmoja wa ngozi unaoning'inia begani. Mikono inabaki mitupu.

Turudi kwenye kamba. Upinde ukikaa siku zote na kamba iliyokazwa, mti unachoka. Unaanza kupinda hata ukiulegeza, na nguvu inapungua. Kwa hiyo mwenye upinde mzuri hulegeza kamba akimaliza kazi, na kuikaza tena akifika mahali pa kuwinda. Hiyo ni sababu ya mti. Lakini sababu ya mti ikazaa sababu ya watu. Upinde uliolegezwa ni fimbo tu. Ukiingia nao katika uwanja wa mtu, unaonekana unaingia na fimbo. Wazee wetu wa Masisi wanasema hawakuwahi kuketi kwenye kikao cha kijiji na upinde uliokazwa; uliegemezwa nje ukutani umelegezwa, au ulibaki nyumbani juu ya moto, mahali moshi unapoulinda na wadudu.

Kuegemeza ukutani, hapo wazee wetu wenyewe hawakubaliani. Mmoja alisema upinde unalazwa, hausimamishwi. Tulifurahi kusikia hivyo, kwa sababu tulisoma habari ya mtu wa mbali sana aliyekuwa na mawazo karibu hayo hayo. Aliitwa Ishi. Alikuwa Mhindi Mwekundu wa kabila la Yahi, katika California, Marekani. Watu wake waliuawa au walikufa mpaka akabaki peke yake, na mwaka 1911 akatoka mafichoni karibu na mji wa Oroville, amechoka na njaa. Wataalamu wa chuo kikuu walimchukua akakaa nao katika jumba la makumbusho San Francisco mpaka alipokufa mwaka 1916. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kutengeneza na kupiga upinde, na baadaye akaandika kitabu. Anaeleza kwamba Ishi alilaza upinde wake usipotumika, akiamini kwamba upinde uliosimamishwa unaendelea kufanya kazi na kuchoka. Hakutaka mtoto auchezee, wala mwanamke auruke. Podo lake lilikuwa la ngozi ya fisi maji, na upinde uliweza kuingia humo pamoja na mishale.

Tuliposoma habari hii kwenye kikao cha wanachama, mama mmoja aliuliza: "Na yeye alirudi kwao?" Tukamwambia miaka mitatu baadaye walikwenda naye huko siku kadhaa, akawaonyesha mabwawa na mapango, kisha wakarudi mjini. Hakukuwa na mtu wa kumpokea. Mama yule hakuuliza tena.

Katika lugha zetu pia upinde haukuwa kitu cha pori peke yake. Kwa Kiswahili upinde umetoka katika kupinda. Kwa Kinyarwanda umuheto umetoka katika guheta, ambayo ni kupinda vilevile. Zamani, katika ufalme wa Rwanda, umuheto lilikuwa pia jina la mapatano: ukoo unatoa ng'ombe kwa mkuu wa jeshi, naye anaulinda. Na ingabo, ngao, likawa jina la jeshi lenyewe. Neno la zamani zaidi, uta, wingi wake mata, liko katika Kiswahili cha washairi, na Wakamba na Wakikuyu wanalitumia mpaka leo. Watu waliotawanyika toka Kamerun mpaka pwani walibeba neno hilo. Kwa hiyo kijana akituambia upinde ni kitu cha kabila fulani, tunamwomba aangalie neno kwanza.

Sasa tuingie katika sehemu ngumu. Ni nini kilivunja usomaji huu?

Kwanza ni mipaka ya pori. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Parke Albert, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Mwaka 1970 ikaundwa Parke ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa kuelekea magharibi hadi kwenye pori la chini. Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa. Mtu aliyekuwa akibeba upinde kwenda kazini akaamka siku moja akiwa mwizi, na upinde ule ule ukawa ushahidi. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayotumika mpaka leo, na wazee wachache sana tuliowauliza waliwahi kuisikia ikisomwa kwa lugha wanayoielewa. Mambo kama hayo yalitokea kwa wengine pia. Kule Kenya, Parke ya Tsavo iliundwa mwaka 1948 katika nchi ya Wawaata, ambao pinde zao za kuua tembo zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Katika miaka ya 1950, walinzi wa Parke wakiongozwa na David Sheldrick waliwakamata wengi wao wakafungwa. Tembo walipumzika kidogo na watu hao, kisha ikaja bunduki.

Hatusemi Parke ni mbaya. Kuna wanachama wetu wenye watoto wanaokula mshahara wa Parke, na wengine waliozika watoto waliokuwa walinzi. Tunasema tu kwamba mtu asiyeruhusiwa kubeba upinde mchana anaubeba usiku, akiuficha. Na upinde uliofichwa hausomeki.

Pili ni vita. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, Walikale, watu waliuawa, na mauaji yakaenea Masisi na mahali pengine. Wengi wetu tuliondoka nyumbani kwa mara ya kwanza mwaka ule. Silaha za mwanzo hazikuwa bunduki nyingi. Zilikuwa mapanga, mikuki, na pinde. Tunaandika haya katika gazeti linalosomwa na jamii zote za chama chetu, na hatutahesabu humu nani alifanya nini. Kila nyumba inayo hesabu yake. Lakini jambo moja linahusu habari yetu. Baada ya 1993, upinde mkononi mwa mwanaume haukuuliza tena swali la "mkono gani?" Uliuliza "wa upande gani?" Zikaja vita za 1996 na 1998, vikundi vikaongezeka, na kijana aliyevaa majani na kushika upinde hakuwa mwindaji wala hakuonekana kuwa mwindaji. Kwenye bariere, mzee mwenye upinde uliolegezwa na mishale iliyofungwa kwa kamba alipigwa sawa na kijana aliyekuwa na mshale tayari. Hakukuwa mtu wa kuona tofauti. Aliyesimama kwenye bariere mara nyingi alitoka mbali, na kama alitoka karibu, alikuwa mtoto.

Mzee mmoja wa chama chetu alituambia alivyouacha upinde wake. Siyo siku ya kukimbia. Siku ya kukimbia aliubeba. Aliuacha siku ya tatu njiani, kabla ya kufika barabara kubwa, kwa sababu mke wake alimwambia: "Ukifika na kile kitu, batatuua sisi bote." Aliulaza chini ya mti, amelegeza kamba. Anasema alilegeza bila kufikiri. Mkono ulizoea.

Basi, leo hali ikoje? Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za watu wa asili, Batwa na Bambuti, iko. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa, ukisema haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Haya ni maneno mazuri kwenye karatasi, nasi tumeyatafsiri kwa wanachama wanaohusika. Lakini mzee wa Masisi tuliyekutana naye njiani hajui karatasi hizo. Anajua kwamba wanaorudi sasa, majirani zake wapya ambao ni watoto wa majirani zake wa zamani, wanamwogopa. Mwaka huu, alituambia, alipigiwa kelele mara mbili shambani mwake. Mara moja walimtupia mawe.

Kwenye kikao chetu cha kila mwezi tulijadili jambo hili na maoni yaligawanyika. Kuna waliosema: awache upinde, basi, anunue mbuzi, chama kimukopeshe. Ni wazo la watu wenye huruma, na mfuko wetu wa mikopo ungeweza. Kuna waliosema upinde ule ni hatari kweli, kwa sababu kesho kijana mwingine ataushika na hatakuwa na adabu ya mzee. Hatuwezi kusema wamekosea. Lakini wengi waliona kwamba tukimnyang'anya yeye upinde kwa sababu watoto wetu hawajui kuusoma, tutakuwa tunafanya kazi ile ile ya bariere, kwa upole tu. Yeye ni mwenyeji. Sisi ndio tunaorudi.

Tulikubaliana mambo madogo. Familia zinazojiandaa kurudi vijijini, wakati wa mafunzo yao ya siku mbili hapa Goma, wataongezewa saa moja na wazee: upinde unabebwaje, ukikutana na mtu njiani unaangalia wapi, wewe mwenyewe unasimama wapi, unasema nini. Maana upande wa mgeni nao una namna yake. Mikono ionekane. Usisimame nyuma ya mti. Salimu kabla hujafika hatua kumi. Usigeuke kukimbia kama si lazima, kwa sababu mwindaji naye anaogopa, na anayekimbia anamwambia kwamba ana sababu ya kukimbia. Vijana wetu wanne walikubali kuwa wa kwanza kufundishwa. Mmoja wao sasa anaigiza yule mzee, na anaigiza vizuri.

Jambo la mwisho ni la kekele. Tulipokuwa tukiagana na mzee kule juu, alituonyesha kamba ya upinde wake. Ilikuwa ya plastiki, imesokotwa kutoka gunia la mchele. Alisema ni mbaya: inavutika, inateleza, na inalia akipiga. Kekele nzuri iko mbali sasa, na huko iliko hawezi kwenda. Kwa hiyo safari ya pili tulimpelekea mita tatu kutoka kwa mtengeneza viti mmoja karibu na soko la Virunga, hapa Goma. Mzee aliishika, akaikunja, akainusa, akasema imekaushwa sana, ni ya viti kweli, lakini akiilaza majini usiku mbili inaweza kupona. Akaiweka bega la kuume, akachukua upinde kwa mkono wa kuume, akatusindikiza mpaka barabarani.